Kanisa Kuu la Nidaros: Historia ya Jengo Lililojengwa Juu ya Kaburi

Katika nchi ya Norwei, pale mto Nidelva unapojizungusha na kuuacha mji karibu wote ukiwa rasi kabla ya kumwaga maji yake katika hori refu la bahari, umesimama mji ambao zamani uliitwa Nidaros na leo unaitwa Trondheim. Na ndani ya mji huo limo kanisa kuu la mawe, lenye urefu wa mita 102 na upana wa mita 50, ambalo katika zama za kati lilikuwa makao ya askofu mkuu aliyekaa mbali kuliko wote upande wa kaskazini katika Ukristo wa Magharibi. Wageni wanaolifikia aghalabu husimama mbele ya uso wake wa magharibi, wakazistaajabia safu za sanamu zake, kisha wakadhani kwamba kanisa wamekwisha kuliona. Walakini anayetaka kulifahamu jengo hili kwa haki hana budi kuanza na maiti ya mtu mmoja, kwa kuwa takriban kila ukuta uliomo umewekwa pale ulipo kwa sababu ya kaburi lake; na jambo la ajabu katika historia hii ni kwamba kaburi lenyewe, lililosababisha gharama yote hiyo na jasho lote hilo, hivi leo hakuna ajuaye lilipo.

Mtu huyo alikuwa Olav Haraldsson, aliyetawala Norwei tangu mwaka 1015 hadi 1028. Katika ujana wake alikuwa haramia wa baharini, kama walivyokuwa vijana wengi wa nasaba yake, akazivamia pwani za Uingereza na za nchi nyinginezo. Kisha akaingia katika dini ya Kikristo, akarudi kwao na azma mbili, ya kwanza kuiweka nchi nzima chini ya taji moja, na ya pili kuwaingiza watu wake katika dini hiyo, kwa hiari yao au kwa upanga. Ukali wake uliwachosha wakuu wa nchi, na Knut, mfalme wa Denmaki na Uingereza, hakuchelewa kuwavuta wakuu hao kwa fedha na kwa ahadi, hata Olav akalazimika kukimbilia Urusi. Aliporejea na jeshi lake kuutaka ufalme, wakulima na mamwinyi wa nchi yake mwenyewe walimkabili mahali paitwapo Stiklestad, wakamwua tarehe 29 Julai 1030. Maiti yake ilifichwa, ikachukuliwa kwa siri, ikazikwa katika mchanga wa ukingo wa mto huko Nidaros.

Hapo mambo yakageuka. Svein, mwana wa Knut, aliyewekwa kuitawala Norwei pamoja na mama yake Alfiva, alileta kodi na sheria nzito kuliko zile za Olav, na wale wale waliomkataa mfalme alipokuwa hai wakaanza kumkumbuka kwa majuto na kusimuliana karama zilizoonekana kaburini pake. Snorri Sturluson, mwandishi mkubwa wa Iceland wa karne ya 13, ametuhadithia jinsi Askofu Grimkell alivyolifukua jeneza mbele ya halaiki ya watu, likaonekana mwili haujaharibika, na nywele na kucha zimeendelea kukua. Alfiva, anasema Snorri, alidharau mambo yale, akajibu kwamba maiti iliyozikwa mchangani huchelewa kuoza, na lau ingalizikwa katika udongo ingalikuwa vinginevyo. Askofu akatwaa mkasi, akakata nywele za maiti, akazitia katika moto aliokwisha kuubarikia, nazo zisiungue. Alfiva akataka zitiwe katika moto usiobarikiwa. Na mwinyi mmoja aitwaye Einar Tambarskjelve akamkaripia, akamwamuru anyamaze. Basi tarehe 3 Agosti 1031 Olav akatangazwa kuwa mtakatifu. Simulizi hii iliandikwa takriban miaka 200 baada ya tukio, na haifai kupokewa kama ushahidi wa mahakamani. Lakini naiona kuwa na ukweli wake, kwa kuwa inadhihirisha kwamba katika ukingo ule wa mto ibada na siasa zilisimama bega kwa bega tangu siku ya kwanza, na kwamba aliyemwinua marehemu siku ile alikuwa akimshusha mtawala mgeni.

Olav Kyrre, aliyetawala tangu 1067 hadi 1093, ndiye aliyeanza kujenga kanisa la mawe juu ya mahali hapo, kwenye miaka ya 1070, akaiweka madhabahu yake kuu palepale palipokuwa na kaburi. Mahujaji wakaongezeka, wakija kwa miguu kupitia milimani na kwa vyombo kupitia baharini, na mwaka 1152 au 1153 Kadinali Nicholas Breakspear, Mwingereza ambaye baada ya muda mfupi alikuja kuwa Papa Adrian IV, aliifanya Nidaros kuwa makao ya askofu mkuu, mwenye mamlaka juu ya Norwei yote, Iceland, Greenland, visiwa vya Faroe, Orkney na Shetland, na hata visiwa vya magharibi ya Uskoti na kisiwa cha Man. Mwaka 1153 malenga wa Iceland aliyeitwa Einarr Skúlason alisimama ndani ya kanisa hilo akaisoma kasida yake ndefu iitwayo Geisli, ya kumsifu Olav. Kanisa la Olav Kyrre likaonekana sasa ni dogo mno kwa hadhi ya namna hiyo.

Kazi ya kulipanua ilianzia katika mabawa mawili yanayolipa jengo umbo la msalaba, na mabawa hayo yangalipo, yenye kuta nene, matao ya duara, na nakshi za meno ya msumeno zinazojirudia pembeni mwa matao, kwa ule mtindo ambao Wanormani waliueneza Uingereza. Katika kanisa dogo lililo ndani ya mabawa hayo kuna maandishi ya Kilatini yaliyochongwa katika jiwe, yanayoeleza kwamba madhabahu yake iliwekwa wakfu mwaka 1161 na Askofu Mkuu Eystein. Hilo ni jina la kukumbukwa kuliko majina yote katika historia ya ujenzi huu. Eystein Erlendsson alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, msomi, mwenye nguvu katika dola na katika Kanisa. Ndiye aliyemtawaza Mfalme Magnus Erlingsson katika ibada ya kwanza ya kutawazwa mfalme iliyopata kufanywa Skandinavia nzima. Lakini Magnus alipozidiwa nguvu na hasimu wake Sverre, askofu mkuu naye aliona hana usalama, na mwaka 1180 akaenda uhamishoni Uingereza, asirudi hadi mwaka 1183.

Uhamisho huo ulikuwa msiba kwake na neema kwa kanisa lake. Mtawa mmoja wa Bury St Edmunds, Jocelin wa Brakelond, ameandika kwamba askofu mkuu kutoka Norwei alikaa katika nyumba ya mkuu wa watawa wa pale, naye kwa amri ya mfalme wa Uingereza akapewa shilingi 10 kila siku kutoka katika mapato ya utawa huo. Siku hizo Canterbury ilikuwa ikijengwa upya baada ya moto wa mwaka 1174, na mwisho wake wa mashariki ulikuwa ukifanywa chumba cha mviringo kwa heshima ya Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa mwaka 1170 kwa sababu ya ugomvi wake na mfalme. Si vigumu kuona jinsi jambo hilo lilivyomgusa askofu mkuu mwingine aliyefukuzwa na mfalme, na ambaye nyumbani kwake alikuwa na mtakatifu wake aliyeuawa. Aliporudi alikuja na mtindo mpya wa Kigothi, wa matao yaliyochongoka na nguzo nyembamba zinazopanda juu, na dalili zote zaonyesha kwamba alikuja pia na mafundi walioujua mtindo huo kwa mikono yao.

Matunda ya marejeo hayo ni kile chumba cha pembe nane kilicho upande wa mashariki kabisa wa kanisa, ambacho kwa maoni yangu ndicho roho ya jengo zima. Eystein alifariki mwaka 1188, na kazi iliendelezwa na waliomfuata. Katikati ya pembe hizo nane ndipo ilipowekwa madhabahu kuu, na juu yake tabuti la Olav, lililofunikwa kwa fedha na kupambwa kwa vito. Na kulizunguka pande zote, nyuma ya nguzo na matao, ulijengwa ujia ambao mahujaji waliupita kwa utaratibu, wakaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, bila ya kuwakatiza mapadri waliokuwa wakisali katikati. Ujia huo umetokeza makanisa matatu madogo, na katika upande wake wa kusini kimo kisima ambacho wapokezi wa mapokeo wanasema maji yake yalibubujika pale alipozikwa mfalme. Atazamaye kwa makini ataona kwamba ukuta unaotenga ujia na madhabahu haukujengwa ili kuzuia macho. Umetobolewa kwa matao ambayo mhujaji aliweza kulitazama tabuti kupitia kila mojawapo, kila hatua akiliona kwa upande mwingine, huku mwanga wa madirisha ya juu ukiliangukia. Vichwa vya nguzo vimechongwa majani yanayojikunja kwa ndani, na kati ya majani hayo zimejificha nyuso za watu na za wanyama, ambazo aliyezichonga hakutaraji zionwe na wengi.

Inafaa hapa kulisemea jiwe lenyewe, maana bila ya kulijua jiwe hatuwezi kuwapa mafundi haki yao. Kuta zimejengwa zaidi kwa jiwe la sabuni, la rangi ya kijivu inayoingia ukijani na ubuluu, linalopatikana katika machimbo ya nchi hiyo, la jinsi ile ambayo wachongaji wa Kisii huko Kenya hulifanyia vinyago na sahani. Nalo ni laini kwa patasi, lastahimili moto, hata watu wa kaskazini tangu kale walilichonga vyungu vya kupikia. Ulaini huo ndio uliowawezesha waashi kuchonga jani lenye mishipa yake na ukingo mwembamba usiopasuka. Hapa na pale mbele ya kuta hizo nzito wakasimamisha vijiti vya marumaru nyeupe, ili weupe ulitenge tao na tao jirani yake. Kila mwashi alikuwa na alama yake, mistari miwili mitatu iliyokatwa juu ya jiwe alilolimaliza, na alama hizo zimebaki kwa wingi sana. Kwa kuzifuata, wataalamu wameweza kujua ni ukuta upi uliojengwa na kundi moja la mafundi na upi ulioendelezwa na kundi jingine, ijapokuwa jina la hata mmoja wao halikuandikwa.

Ukumbi mkuu wa upande wa magharibi ulifuata katika karne ya 13, kwa mfano ambao wengi wanauona kuwa umetoka Lincoln, na mwaka 1248 Askofu Mkuu Sigurd Eindridesson akauweka msingi wa uso wa magharibi, uliokusudiwa kuwa ukuta mpana wa sanamu, kwa desturi ya makanisa ya Kiingereza. Kazi ilikamilika karibu na mwaka 1300. Kizazi kimoja hakikupita kabla ya moto kuliteketeza mwaka 1328. Kisha ikaja ile tauni kubwa ya mwaka 1349, iliyoua watu wa Norwei kwa kiasi kilichoidhoofisha nchi kwa muda mrefu. Kisha moto mwingine mwaka 1432, na mwingine tena mwaka 1531, ambao baada yake ukumbi mkuu uliachwa bila ya paa, mvua na theluji zikiingia.

Pigo lililokuwa zito kuliko moto likaja mwaka 1537. Mfalme wa Denmaki, ambaye Norwei ilikuwa chini yake, alikwisha kuyapokea mafundisho ya Luther, na Askofu Mkuu Olav Engelbrektsson, wa mwisho katika cheo hicho, alipoona hana tena wa kumtetea, alipanda merikebu akakimbilia nchi za chini za Ulaya, akafa mwaka uliofuata katika mji wa Lier. Tabuti la mtakatifu lilikuwa limepelekwa katika ngome yake ya Steinvikholm, na watu wa mfalme wakalivua fedha na vito vyake, wakavichukua Copenhagen, na fedha ikayeyushwa. Mwili ulibaki. Waswidi walipouteka mji mwaka 1564 waliukuta ngomeni, na baada ya kufukuzwa kwao ukarudishwa kanisani ukazikwa. Lakini mwaka 1568 kaburi likafukiwa udongo kwa amri, ili isionekane alama ya kuwavuta watu kuja kuomba hapo. Amri hiyo ilitimizwa barabara. Waliokuwa wakijua walikufa, na chumba kile cha pembe nane kilichojengwa kwa ajili ya kuzunguka kitu kimoja tu kikabaki kimezunguka nafasi tupu.

Karne tatu zilizofuata zaweza kusimuliwa kwa maneno machache. Sehemu ya mashariki ilitengenezwa kwa kadiri ya uwezo wa waumini wa mji, ikatumiwa kuwa kanisa lao la kila Jumapili, na magharibi kulikuwa gofu ambalo watu walichota mawe kwa haja zao. Moto wa mwaka 1708 na radi ya mwaka 1719 viliunguza vyote vilivyoweza kuungua, visibakize ila kuta. Katika umaskini huo lilifanyika jambo moja la kujivunia: mtengenezaji mashuhuri wa vinanda vya makanisa, Joachim Wagner wa Berlin, aliwajengea kinanda kilichomalizika mwaka 1741, nacho kingali kinapigwa hadi leo.

Mwaka 1814 Norwei ilitoka katika mikono ya Denmaki, ikajiandikia katiba yake, ijapokuwa iliingizwa katika muungano na Uswidi. Na katiba ile ikaagiza kwamba wafalme watawazwe Trondheim, katika kanisa ambalo nusu yake haikuwa na paa. Nadhani hapo ndipo Wanorwei walipoanza kuona haya ya lile gofu, kwa kuwa taifa linalotafuta usuli wake haliwezi kuvumilia kuona usuli huo umeota nyasi. Mwanahistoria P. A. Munch na msanifu Heinrich Ernst Schirmer walitoa kitabu kikubwa juu ya kanisa hilo mwaka 1859, na mwaka 1869 kazi ya kulitengeneza ikaanza, kwanza chini ya Schirmer na kisha chini ya Christian Christie, aliyeishika tangu 1872 hadi kifo chake mwaka 1906. Christie alijenga upya sehemu za mashariki kwa kuyasoma mawe yaliyokuwapo, akitafuta katika kila kipande dalili ya kipande kilichokosekana. Mwaka ule ule wa kifo chake Haakon VII alitawazwa humo, mfalme wa kwanza baada ya muungano na Uswidi kuvunjika, na wa mwisho kuvikwa taji, maana sharti hilo lilifutwa katika katiba mwaka 1908. Wafalme waliomfuata, Olav V mwaka 1958 na Harald V mwaka 1991, walibarikiwa tu.

Ugumu ulikuwa katika uso wa magharibi, na juu yake yalizuka mabishano yaliyochukua miaka mingi. Uliokuwa umesimama ulikuwa ni sehemu ya chini tu, na taswira ya zamani iliyokuwa tegemeo la wasanifu ilikuwa mchoro wa Jacob Maschius wa mwaka 1661, ambao nao ulionyesha jengo lililokwisha kubomoka. Je, ukuta unaokosekana ujengwe kwa kukisia, au uachwe? Fredrik Macody Lund alidai kwamba wajenzi wa kale walifuata kanuni moja ya hesabu za maumbo, na kwamba kwa kanuni hiyo angeweza kulirudisha jengo zima lilivyokuwa. Dai lake liliwavutia wengi, hata likapelekwa mbele ya jopo la wataalamu wa kimataifa, nao wakalikataa. Naona walihukumu kwa haki, kwa sababu alama za waashi na nyufa za kuta zaonyesha watu waliobadili nia yao mara kwa mara, si watumwa wa kanuni moja. Hatimaye Helge Thiis alikabidhiwa kazi hiyo kuanzia 1930, na wachongaji wengi wakashirikishwa, hata uso huo ukakamilishwa mwaka 1983. Sanamu zilizosalia za zama za kati zilikuwa chache mno. Zote nyinginezo ni mpya. Kristofer Leirdal, aliyemchonga malaika mkuu Mikaeli juu ya mnara mmoja, alimpa uso wa mwimbaji Bob Dylan, kwa kumwona kuwa mpinzani wa vita vya Vietnam. Na lile dirisha kubwa la waridi, kazi ya Gabriel Kielland yenye vipande 10,000 vya vioo vya rangi, lilikuwa zawadi ya wanawake wa Norwei mwaka 1930, ulipofunguliwa ukumbi mkuu kwa kuadhimisha miaka 900 ya Stiklestad.

Miaka 12 baadaye kanisa hilo lilipata mtihani ambao hakuna mwashi aliyeutazamia. Norwei ilikuwa imetekwa na Wajerumani, na tarehe 1 Februari 1942, siku Vidkun Quisling alipofanywa mkuu wa serikali huko Oslo, wafuasi wake waliitwaa ibada kuu ya asubuhi katika Nidaros wakamweka padri wao. Arne Fjellbu, mkuu wa makasisi wa kanisa hilo, akaihamisha ibada yake hadi saa nane mchana. Polisi waliwazuia watu mlangoni. Waliowahi walikuwa ndani, na umati uliobaki nje ukasimama katika baridi kali ukiimba ule wimbo wa Martin Luther juu ya Mungu aliye ngome, ambao Walutheri wa Tanzania nao huuimba kwa Kiswahili. Fjellbu alifukuzwa kazi, na kwa sababu hiyo maaskofu wote wa Norwei wakajiuzulu vyeo vyao vya serikali tarehe 24 Februari, na siku ya Pasaka makasisi wengi sana wakawafuata.

Karakana ya waashi iliyoanzishwa kwa kazi ya mwaka 1869 haijafungwa, maana jiwe laini huliwa na hali ya hewa, na kila mwaka yapo mawe ya kubadilishwa. Mafundi wake wanachonga kwa patasi, jiwe jipya likilinganishwa na lile linaloondolewa. Mahujaji nao wamerudi, wengine wakitembea kutoka Oslo, safari ya zaidi ya kilomita 600, ili wafike kwa sikukuu ya tarehe 29 Julai. Msomaji atakayejaliwa kufika Trondheim, namwomba asianze na uso wa magharibi. Na apite moja kwa moja hadi mashariki, aingie katika ujia wa pembe nane, auzunguke polepole kama walivyouzunguka wenyewe waliojengewa, akazitafute zile nyuso zilizojificha katikati ya majani ya mawe. Kisha akitoka nje autazame ukuta wa sanamu, akijua kwamba sehemu kubwa yake ni kazi ya mafundi wa karne ya 20, nao wanastahili kusifiwa kwa majina yao wenyewe.